Miziki ya Filimu Zilizofukuliwa

Filimu tunayotaka kuichungua hapa inaitwa Dawson City: Frozen Time. Ni kazi ya Bill Morrison, Mmarekani, nayo ilionyeshwa kule Venezia mwaka wa 2016. Inadumu saa mbili, na karibu muda wote hakuna mtu anayesema. Maelezo yameandikwa juu ya picha, na masikio yameachiwa miziki ya Alex Somers. Kwa hiyo miziki hiyo inabeba mzigo kupita desturi, na ni haki kuipima.

Kwanza historia. Dawson ni mji mdogo wa Yukon, kaskazini ya Kanada, uliozaliwa na zahabu iliyovumbuliwa karibu na hapo mwaka wa 1896. Filimu zilizunguka miji mingine yote kwanza, zikafika huko zimechelewa miaka miwili au mitatu, na wenyewe hawakutaka kulipa feza za kuzirudisha. Zikarundikwa chini ya ulinzi wa banki. Nyingi zilichomwa, nyingine zikatupwa mtoni. Mwaka wa 1929 mtu wa banki, Clifford Thomson, aliyekuwa pia mtunza feza wa chama cha hoki, akaona dawa. Pisini ya mji ilifunikwa kila majira ya baridi kusudi watu wacheze juu ya barafu, lakini barafu ile haikukaa sawasawa katikati. Basi pisini ikajazwa bobini na udongo. Mwaka wa 1978 mashini ya kuchimba, iliyoendeshwa na Frank Barrett, mchungaji wa Kipentekoste, ikazifukua. Bobini 533 ziliokolewa. (Tunasema bila wivu: siku ile ndugu yetu huyo aliwapita wataalamu wote.)

Faida yake ni kubwa. Kwa kila filimu 100 ndefu za Marekani za wakati wa sinema bubu, 70 hivi zimepotea kabisa. Zilikuwa za nitrati, kitu cha jamaa moja na baruti, kinachowaka hata ndani ya maji. Ardhi yenye barafu iliziponya. Maji yaliyoingia yalizitia majeraha, ndiyo madoa meupe yanayochezacheza pembeni mwa picha.

Miziki ya Somers imetoka katika madoa yale. Sauti ni ndefu, nzito, za polepole, kama zinasikika kupitia ukuta. Hazifuati nyayo za watu, hazipigi ngoma mtu akianguka. Mahali pengine tunashukuru sana. Morrison anatuonyesha michezo ya beziboli ya mwaka wa 1919, ambamo wachezaji wa Chicago walipokea rushwa kusudi washindwe. Mtunzi mwingine angetutia mashaka kwa vinanda vya kutetemesha. Somers hatusukumi, na tunawatazama wale watu kwa macho yetu wenyewe tukijua wanayoyaficha. Ndiyo sehemu bora ya kazi yake.

Lakini saa mbili ni nyingi. Katika bobini zile mlikuwa habari za vita na za migomo, mlikuwa pia michezo ya kuchekesha na ya mapenzi. Zote zinavikwa kanzu moja nyeusi. Mtu anaingia mlangoni, miziki inaomboleza. Mtu anabusu mchumba wake, inaomboleza vilevile. Watu wa Dawson walioketi gizani, mpiga piano akipiga mbele yao, walikuja kucheka. Hawakujua kwamba ni marehemu.

Wengine watajibu: Morrison hataki kutupa sinema ya zamani kama ilivyokuwa, anataka kutuonyesha wakati unavyokula kazi za watu. Tunakubali nusu. Nia hiyo inaruhusu huzuni, haiamuru huzuni peke yake. Picha iliyokaa chini ya udongo miaka 49 na bado inachekesha inatuambia neno juu ya wakati, pengine kubwa kupita lile la kilio. Neno hilo Somers hakulisikia, ao hakutaka.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Filimu inataja wenyeji wa pale, Wahän, waliosukumwa na wachimba zahabu. Wakahamia Moosehide pamoja na chifu wao Isaac. Chifu huyo aliona hatari mapema. Aliwakabizi jamaa zao wa Alaska nyimbo na michezo ya kabila kusudi ziwe salama, na baada ya miaka mingi wajukuu wakazifuata huko na kuzirudisha. Yaani mji ule ule una hazina mbili zilizofichwa: moja iliwekwa shimoni na mtu aliyetaka kuiondoa njiani, nyingine iliwekwa moyoni mwa ndugu na mtu aliyeipenda. Katika filimu yenye miziki toka mwanzo hata mwisho hatukusikia hata moja ya nyimbo zile. Huenda wenyewe wasingekubali zitumiwe, na hiyo ingekuwa haki yao. Lakini basi Somers angenyamaza kidogo, wanapopita Wahän, kusudi tujue kuna sauti isiyokuwepo. Hakunyamaza.

Mwenye kuionyesha kwa wanafunzi azime sauti kwa dakika kumi, halafu aifungue tena, awaulize ni nini kilichoongezwa na nini kilichoondolewa.