Karatasi za baba, kinywa cha mama

Wengi wetu huku Katanga tunajua kutaja baba, nkambo mwanaume, hata baba yake nkambo. Lakini uliza: nani alizaa mama ya mama yako, na alitoka kijiji gani? Mtu ananyamaza. Na kila siku tunaimba "nani kama mama"! Jambo hili linatugusa zaidi sisi wenye asili ya Wabemba, Walamba na Wakaonde, juu kwa mila yao ukoo unafuata damu ya mama.

Tuanze na karatasi. Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kutaka watumishi wakae kambini pamoja na wake zao. Posho ya mke na watoto ilifuata kazi ya mwanaume. Basi mwanamke aliingia katika vitabu vya kambi kama mke wa fulani. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake Bana Shaba abandonnés par leur père (2001), ametufungua macho juu ya mamlaka ndani ya familia za watumishi toka 1910 mpaka 1997. Kazi hiyo tunaisifu. Ila jina lake linahesabu yule aliyekimbia. Kwa mila ya Walamba, mtoto aliyeachwa na baba bado ana mjomba na ukoo wa mama. Huyo mjomba alienda wapi siku familia ilipoingia kambini? Kazi inayobaki kwetu ni kuhesabu wale waliobaki.

Tena kuna shida ya majina. Kwetu mtoto habebi lazima jina la ukoo, kwa hiyo jina la mama halikuonyeshi jina la mama yake. Halafu mwaka 1972 ikaja Authenticité, majina ya ubatizo yakaondolewa. Mama mmoja anaweza kuwa Marie katika buku la misioni, na jina lingine kabisa katika karatasi za baadaye. Asiyejua hilo atafikiri ni wanawake wawili.

Karatasi inaweza pia kuwa silaha. Tarehe 2 Desemba 2024, korti ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda uhalifu juu ya ubinadamu kwa wanawake watano machotara. Walinyang'anywa mama zao wakiwa wadogo, wakapelekwa misioni ya Katende, kule Kasai. Ofisi iliyoandika safari ya mtoto ndiyo iliyomkatia njia ya kurudi kwa mama. Hapo utaona kwamba kutafuta ukoo wa mama si mchezo wa wasomi.

Lakini tusifanye kinywa cha wazee kuwa Injili. Kuna kupyana: mwanamke akifa, mwingine wa ukoo wake anarithi jina na nafasi yake. Nkambo unayemsikia katika habari, kumbe ni watu wawili waliofuatana. Tena familia nyingine zinaficha. Nkambo aliyetekwa au kuuzwa wakati wa Msiri, ambaye aliuawa mwaka 1891, leo anaitwa "mke mdogo" tu, juu ya haya. Kuficha vile kunamuua mara ya pili.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Uliza kwanza jina la ukoo, kisha jina la mtu. Uliza nani alipyana nani, na ni mjomba gani alikuja kupokea mali siku ya ndoa. Ndipo uende kwa mapadri kuomba buku la ubatizo, ulinganishe na habari ya wazee. Pale vinywa na karatasi vinapopingana, usifute upande mmoja: andika yote mawili, na useme nani alikuambia.

Karatasi za Union Minière zimehifadhiwa Brussels, zinaweza kungoja. Bamama wetu wa miaka themanini hawawezi. Mwenye daftari, aanze nao.