Shimo la 18 la Winged Foot: hesabu kabla ya mkwaju

Mtu wa Kabuta, kule Luapula, anayecheza gofu kwa kujifurahisha, yamkini mchezo aliukuta Copperbelt, kwenye viwanja vya migodini kama Nkana pale Kitwe au Nchanga pale Chingola, ambako vijana wa Luapula wamekwenda kutafuta kazi vizazi na vizazi. Akiharibu shimo la mwisho, wenzake humwambia mkono anao, ila moyo hana. Mimi sikubali. Mara nyingi kinachomwangusha ni hesabu yake kabla ya kupiga, na hesabu hufundishika.

Tazama US Open ya Marekani ya mwaka 2006, Winged Foot, New York. Sisi Wazambia tunaienzi kwa sababu Madalitso Muthiya aliicheza, Mzambia wa kwanza kufika hapo. Hakuvuka mchujo, lakini uwanja uliomtoa uliwaumbua wakubwa pia siku ya mwisho.

Phil Mickelson alifika shimo la 18 akiongoza kwa mkwaju mmoja. Mikwaju 4 ingempa kombe. 5 ingempeleka kwenye mchezo wa ziada. Akachukua draiva, fimbo iliyokuwa imemsaliti siku nzima: katika mashimo 14 ya kupiga mbali ya siku hiyo, hili likiwa la mwisho, mpira ulitua kwenye nyasi fupi mara 2 tu. Safari hii ukaenda kushoto, ukagonga hema la wageni. Badala ya kuurudisha njiani, akajaribu kuupindisha kuzunguka mti. Ukagonga mti, ukasogea kama yadi 25. Akamaliza na 6. Ujasiri alikuwa nao tele. Alichagua mkwaju alioutamani, si ule ambao mpira ulipolala uliuruhusu.

Kisa cha Colin Montgomerie ndicho kinachotuhusu zaidi. Kwenye shimo hilohilo, yeye alikuwa katikati ya nyasi fupi, yadi 172 kutoka shimoni, fimbo ya chuma namba 6 mkononi. Ikabidi asubiri, kwa kuwa Vijay Singh, aliyecheza naye, alikuwa akishughulikia mpira wake na waamuzi. Katika kusubiri akaanza kujishauri upya: damu imechemka, mpira utapita mbali. Akabadili, akachukua namba 7. Mpira ukapungukia kwenye nyasi ndefu, kisha akahitaji mikwaju 3 ya kusukumia shimoni. Naye akapata 6. Jim Furyk alikosa mpira wa karibu shimoni, akamaliza na 5.

Geoff Ogilvy wa Australia alipiga mpira mzuri, akaukuta umetua ndani ya kishimo kilichochimbwa na fimbo ya mtu mwingine. Bahati mbaya kama hiyo humtoa mtu akilini. Mkwaju wake wa pili ulifika mwanzo wa grini, ukarudi chini. Akauinua taratibu hadi futi kama 6, akasukumia ndani, 4. Kweli, shimo la 17 bahati ilikuwa imempendelea, mpira uliingia akiwa nje ya grini. Lakini pale 18 kila mkwaju wake ulijibu hali iliyokuwa mbele yake, na kombe likawa lake kwa tofauti ya mkwaju mmoja dhidi ya wote watatu.

Kwa mchezaji wa ridhaa, zoezi ni hili. Simama nyuma ya mpira, utazame ulivyolala, chagua fimbo na mahali pa kutua, kisha mtamkie kedi wako uamuzi huo kwa sauti. Ukishausogelea mpira, mjadala umefungwa. Shaka ikikujia, usipige nayo: rudi nyuma, uanze upya. Ukilazimika kusubiri, rudisha fimbo kwenye mfuko wake, zungumza na mwenzako habari za nyumbani, na uitoe zamu yako ikifika.

Mwisho wa raundi, kwenye kadi yako, wekea alama kila mkwaju uliouamua mara moja tu, hata kama mpira uliishia mchangani. Hesabu hiyo, siyo jumla ya mikwaju, ndiyo ningekuomba uilinganishe Jumamosi hii na ijayo.