Mahadhi na Wenyewe

Julai 1792, wapigaji kumi wa kinubi cha Kiayalandi walikutana mjini Belfast ili muziki wao uandikwe kabla haujazikwa nao. Wengi walikuwa wazee, kadhaa vipofu. Mkongwe wao, Denis Hempson, alikwisha pita miaka 90, na bado alizicharaza nyuzi za shaba kwa kucha zake ndefu, mtindo ambao wenzake walikwisha uacha. Aliyepewa kazi ya kuandika alikuwa kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda wa kanisani. Kazi hiyo ikamnasa maisha yake yote, akatoa vitabu vitatu: 1796, 1809 na 1840.

Namheshimu mno Bunting, lakini vitabu vyake huniachia simanzi. Muziki wa kinubi aliuchapa ukiwa umepangwa kwa piano, maana wanunuzi walikuwa na piano sebuleni, na katika kuupanga akaunyoosha. Wazee wenyewe wanasikika zaidi katika madaftari yake, yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast.

Kazi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mahadhi ya dansi ya Kiayalandi yakiandikwa huonekana mepesi: kwa kawaida ni sehemu mbili, kila moja vipimo vinane, kila moja hurudiwa. Lakini mpiga fidla akirudi mwanzo hapigi kile alichopiga. Noti ndefu ataikatakata kwa vinoti vya juu na chini yake. Mzunguko unaofuata ataiachia ivume. Zipo pia sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano, na ile mistari mitano ya kuandikia noti haina pa kuziweka. Sasa mkusanyaji aandike mzunguko upi? Akiandika mmoja mtupu, amechukua mifupa. Akijaza kila pambo, mgeni hauoni wimbo ulipo. Kila ukurasa ni uamuzi, na uamuzi huo unataka sikio lililolelewa ndani ya muziki wenyewe.

Sikio hilo alikuwa nalo Séamus Ennis. Tume ya mapokeo ya Ayalandi ilimwajiri mwaka 1942, naye akazunguka magharibi ya nchi kwa baiskeli, na kalamu na karatasi zake. Alikuwa fundi wa zumari la mfuko, lile linalojazwa upepo kwa kiwiko, na alikijua Kiayalandi kiasi cha kuzungumza na watu kwa lahaja ya kwao. Huko Glinsce, Connemara, mkulima na mvuvi Colm Ó Caodháin alimpa nyimbo na vipande zaidi ya 200. Mtu mmoja! Hazina ya namna hiyo haitolewi kwa anayefika asubuhi na kuondoka jioni. Ennis alirudi tena na tena, na akaweka shajara, ndiyo maana leo tunamjua mtoaji pamoja na alichotoa.

Ng'ambo, Chicago, Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji kati ya 1901 na 1905, hakujua kuandika noti. Alimpigia au kumwimbia askari mwenzake, James O'Neill, naye akaandika. Kitabu chao cha 1903 kina mahadhi 1,850, mengi yakiwa na jina la aliyeyatoa. Wahamiaji wa kaunti mbalimbali walikuwa wamekutana jiji moja, na muziki ambao nyumbani ulitenganishwa na milima ukakutana pia.

Aliyekuja kuifanya kazi hii nilivyotamani ifanywe ni Breandán Breathnach. Mahadhi yaleyale huweza kuwa na majina kumi, na jina moja likabeba mahadhi matano. Kwa hiyo aliyaorodhesha kwenye kadi kwa mpangilio wa noti za mwanzo, ili ndugu watambuane hata wakiitwa tofauti. Katika juzuu ya kwanza ya Ceol Rince na hÉireann, 1963, aliwaacha wapigaji na mapambo yao, kisha nyuma ya kitabu akaeleza kila wimbo aliupata kwa nani na wapi pengine umewahi kuonekana. Mimi huanza na kurasa hizo za nyuma, na huzisoma taratibu kuliko noti zenyewe.