Hongera, mafundi wa paa la berkad

Wachimbaji wa berkad, mabirika ya saruji yaliyozikwa ardhini Garissa, Wajir na Mandera, husifiwa sana. Mimi nawapongeza wanaoyafunika. Garissa hupata mvua ya kama milimita 300 kwa mwaka, ilhali jua lina uwezo wa kuvuta zaidi ya milimita 2,000. Fundi hulaza boriti kutoka ukuta hadi ukuta, hupanga matawi ya miiba au mabati, kisha, akiwa makini, hufunga waya kwenye vyuma vilivyozamishwa katika zege la ukingo na kuukaza kwa koleo. Upepo wa kiangazi hauna adabu! Paa likishika, maji hudumu, na mbuzi na watoto hawatumbukii. Wenye berkad, walipeni mafundi hawa kabla ya mvua za Aprili, na msiwapunje.