Tetemeko la Bwawa: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi za jiolojia, "tetemeko la bwawa" huwavutia wafasiri kwa ufupi wake. Hata hivyo, ufupi huo unapotosha maana.

Kwanza, a-unganifu haionyeshi uhusiano uliopo: je, tetemeko limetokea bwawani, au limetokana na bwawa? Pili, watu husema "bwawa" wakikusudia ukuta na pia maji, ilhali kinachoathiri miamba ni maji. Uzito wake huikandamiza ardhi. Kisha maji hupenya katika nyufa na kuongeza kanieneo ndani yake. Msuguano unaozishikilia pande mbili za ufa hupungua, na miamba iliyolimbikiza mkazo kwa karne nyingi huteleza. Ziwa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilianza kujazwa mwaka 1958. Mwaka 1963, lilipokuwa limejaa, palitokea tetemeko lenye ukubwa uliozidi 6. Huko Koyna, India, tetemeko la namna hiyo liliua watu zaidi ya 100 mwaka 1967.

Tatu, wako wanaoandika kwamba maji "husababisha" tetemeko. Hapa ndipo kosa linapozidi. Mkazo umo tayari ardhini: tetemeko kubwa la Rukwa la mwaka 1910 halikungoja bwawa lolote. Kitenzi kifaacho ni "kuchochea", kwani achocheaye moto siye aliyeuwasha.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mkulima wa Nyololo, wilayani Mufindi, akisomewa kwamba bwawa husababisha tetemeko, ataliogopa hata lambo la kunyweshea ng'ombe. Akisomewa kwamba maji huchochea, atamwuliza afisa swali lililo sawa: je, chini ya bonde hili pana ufa wenye mkazo, na maji yatakuwa na kina gani?

Lakini tusikimbilie "tetemeko chochezi". Chochezi ni kile kinachochochea, kama tusemavyo "maneno chochezi". Hapa mchochezi ni maji, na tetemeko ndilo linalochochewa. Kwa hiyo twapendekeza "tetemeko chochewa" kwa wataalamu, na "tetemeko linalochochewa na maji ya bwawa" katika vitabu vya shule na matangazo ya serikali. Ni refu, lakini halimdanganyi msomaji.