Mtoto Asiyesikika: Kifafa katika The Last King of Scotland

Filamu ya The Last King of Scotland, iliyoongozwa na Kevin Macdonald na kutoka mwaka 2006, ilipigwa hapa Uganda, na sehemu ya hadithi yake inatokea Hospitali ya Mulago. Wengi huikumbuka kwa ajili ya Forest Whitaker, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kuigiza Idi Amin. Mimi naikumbuka kwa ajili ya mtoto ambaye wenzangu hata jina lake hawalijui: Mackenzie, mwana wa Kay, mke wa Amin. Mackenzie ana kifafa. Nami pia.

Katika filamu, Amin amemtenga Kay kwa sababu amemzalia mtoto mwenye ugonjwa huo. Hapo filamu imesema kweli. Hapa Mulago, neno ensimbu, yaani kifafa kwa Kiganda, husemwa kwa kunong'ona, na bado wapo wanaoamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Nilipoanguka mara ya kwanza, mama aliwaambia majirani ni malaria. Alinipenda, lakini alinificha.

Kasoro ya filamu ni kwamba nayo inamficha mtoto. Ugonjwa wake una kazi moja tu: kumleta daktari Garrigan karibu na Kay. Mapenzi yao yakishaanza, hadithi inawafuata wao. Mackenzie anajionaje? Hatuambiwi.

Linganisha na My Left Foot ya Jim Sheridan, ya mwaka 1989, kuhusu Christy Brown, mchoraji na mwandishi wa Ireland aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Akiwa mtoto, Christy anaandika neno "mama" sakafuni, chaki ikiwa kwenye vidole vya mguu. Baba yake anambeba begani hadi baa ili watu wamwone. Baba mmoja anaficha, mwingine anaonyesha. Hata hivyo, kinachonigusa zaidi kinakuja baadaye: Christy anapenda, anakataliwa, analewa, anafoka. Filamu haimgeuzi malaika. Anajikubali pamoja na hasira zake, si baada ya kuziponya.

Mtu atasema filamu ya Macdonald inahusu udikteta, si kifafa. Ni kweli. Lakini hata mhusika mdogo angeweza kupewa picha moja: mtoto anazinduka, kisha anazitazama nyuso zilizomzunguka ili ajue sasa wanamwonaje. Wakati huo naujua vizuri. Hauhitaji hata neno moja la mazungumzo.

Tulipoitazama filamu hii hosteli, mwenzangu mmoja aliuliza, "Kwani huyu mtoto ana nini?" Chumba kilikuwa kimya. Nikajibu, "Ana kifafa, kama mimi." Filamu haikuwa imempa Mackenzie nafasi ya kusema, ndiyo maana nikasema.