Ukumbusho na Makumbusho: Lumumba katika Picha za Mijini

Lugha yetu hulipa jumba la kuhifadhia vitu vya kale jina la makumbusho. Wachoraji wa mji wa Lubumbashi, ambao nao ni wasemaji wa Kiswahili, waliziita picha zao za historia ukumbusho. Maneno hayo mawili yamezaliwa na kitenzi kimoja, lakini mambo yanayotajwa nayo hayafanani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha ni kitu gani hupotea picha ya ukumbusho inapoondolewa sebuleni mwa mfanyakazi na kutundikwa katika makumbusho ya ughaibuni. Mfano wetu ni maonyesho yaliyofanyika mwaka 1999 katika jumba la sanaa za Afrika mjini New York, ambayo yalimhusu Patrice Lumumba katika sanaa ya mijini ya Kongo. Aliyeyatayarisha ni mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, mtu aliyezikusanya picha za namna hiyo kwa miaka mingi. Sisi tunayahakiki kwa kufuata kitabu kilichotolewa pamoja nayo, na picha zilizomo.

Yafaa kwanza tueleze sanaa hiyo ilikuwa ikiishi wapi. Mchoraji wa Lubumbashi wa miaka ya 1970 alikuwa fundi wa mitaani. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, akakiwamba kwenye fremu ya vipande vya mbao, kisha akazitembeza picha zake mlango kwa mlango. Mnunuzi wake alikuwa mfanyakazi wa migodi ya Gécamines, au wa reli, au karani mdogo mwenye nyumba ya vyumba viwili vitatu na sebule yenye viti. Picha ilitundikwa juu ya viti hivyo, mahali ambapo kila mgeni akiketi hana budi kuiona. Mgeni aliuliza, na mwenye nyumba alieleza. Hapo ndipo ukumbusho ulipofanyika. Picha yenyewe ilikuwa kigingi tu cha kufungia mazungumzo.

Ndiyo maana wachoraji hao walirudia picha zile zile mara nyingi. Baadhi ya wahakiki waliosomea sanaa katika vyuo huona urudiaji huo kuwa dalili ya ufukara wa ubunifu. Sisi hatukubaliani nao. Hakuna amlaumuye bibi kwa kusimulia ngano iliyokwisha kusimuliwa, na mteja wa Lubumbashi aliagiza picha aliyokwisha kuiona kwa jirani kwa sababu naye alitaka awe na cha kusimulia. Alimtaka Mamba Muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, au aliitaka picha iliyojulikana kwa jina la Colonie belge. Hii ya pili inastahili tuiangalie kwa makini, kwa kuwa bila hiyo picha za Lumumba hazieleweki.

Katika Colonie belge tunaona uwanja wa gereza au boma. Bendera ya Ubelgiji imepandishwa mlingotini. Mfungwa amelazwa kifudifudi, na askari mwafrika anamchapa kiboko. Mzungu mmoja amesimama kando, mara nyingi akivuta kiko, mikono yake haifanyi lolote. Pembeni kuna wanawake waliowaletea chakula watu wao. Fani ya picha ni nyepesi, rangi zimepakwa bapa, vivuli ni vichache. Lakini tazama namna mchoraji alivyogawa kazi: anayepiga ni mwafrika, anayepigwa ni mwafrika, na mwenye mamlaka amepumzika. Hakuna hotuba juu ya ukoloni iliyoieleza siasa yake kwa maneno machache kuliko kiko kile. Aidha, mwenye nyumba aliyeinunua picha hiyo katika miaka ya 1970 aliweza kuitumia kuzungumzia mambo ya siku zake pia, kwani askari na mfungwa walikuwapo bado na aliyebadilika alikuwa yule wa pembeni tu. Kusema hivyo waziwazi chini ya utawala wa Mobutu kulikuwa hatari. Kusema kwa kunyoosha kidole kwenye picha ya zamani kulikuwa salama kidogo.

Sasa tumfikie Lumumba. Mji huo ndio uliokuwa makao ya serikali ya Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, na karibu nao ndipo Lumumba alipouawa pamoja na Mpolo na Okito usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Miili yao ilifukuliwa ikaharibiwa kwa tindikali ili pasiwe na kaburi. Mwaka 1966 Mobutu, yule yule aliyeshiriki kumwangusha, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Kwa hiyo mchoraji wa Lubumbashi aliruhusiwa kumchora, ilmradi asiulize sana nani alimpeleka kwenye mauti. Kwa kukosa kaburi, watu walimweka sebuleni.

Mashuhuri kati ya wachoraji hao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huo huo, ambaye nyayo zake zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alijiita mchoraji na mwanahistoria, na dai hilo la pili ndilo tunalolithamini zaidi. Lumumba wake amefungwa mikono, askari wamemzunguka. Mahali pengine amelala chini amekufa, na nyuma yake kwenye upeo wa macho imesimama misalaba mitatu. Msomaji mwepesi atasema msanii amechanganya dini na siasa. La hasha, amefanya hukumu. Misalaba mitatu humkumbusha Mkristo wa Lubumbashi kwamba mkuu wa dola aliyenawa mikono ndiye mwenye hatia, na kila mtu sebuleni angeweza kujaza jina la Pilato kwa kadiri ya ujasiri wake. Jina hilo halikuandikwa pichani, wala halikuhitajika.

Maneno yaliyoandikwa pichani ni ya Kifaransa, tena cha kubabaisha tahajia, ilhali mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili. Jambo hili laweza kumshangaza Mtanzania, ambaye amezoea kanga inayosema kwa Kiswahili kile ambacho mvaaji hataki kukitamka. Kwetu maandishi ya kanga ndiyo ulimi, na nguo ni kisingizio chake. Kwa mchoraji wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa siku hizo, maandishi yalikuwa mhuri. Kifaransa ni lugha ya shule, ya cheti na ya amri ya serikali, na kwa kuweka tarehe na jina la tukio kwa lugha hiyo mchoraji alidai kwamba kazi yake ni hati, kama hati nyingine za ofisini. Ulimi ulikuwa kinywani mwa mwenye nyumba.

Na hilo ndilo lililobaki Lubumbashi picha ziliposafiri. Katika ukumbi wa New York makumi ya picha yalitundikwa pamoja, zote juu ya mtu mmoja, ambapo katika nyumba ya mfanyakazi ilitundikwa moja au mbili. Mtazamaji alitembea kutoka picha hadi picha na kuyasoma maelezo ukutani. Maelezo hayo yalitungwa na wataalamu, na kitabu kina insha nzuri, nyingine za wasomi wa Kongo wenyewe, wala hatuna shaka juu ya uaminifu wao. Hata hivyo, hadhira ilipokea jibu kabla ya kuuliza. Picha iliyotengenezwa ili izue ubishi ikawa ushahidi wa kuthibitisha kwamba Waafrika nao hukumbuka. Dhamira ilisalimika, matumizi yakafa.

Isidhaniwe kwamba tunataka picha hizo ziachwe zioze. Kitambaa cha unga hakidumu katika joto na vumbi. Mishahara ya migodini iliposhuka thamani, sebule nyingi zilipoteza viti, sembuse picha, na mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga wakiacha mali zao nyuma. Waliokusanya waliokoa. Lawama yetu ni kwa kile kilichokusanywa nusu.

Kwamba nusu ya pili ingeweza kukusanywa tunajua kwa hakika, kwa kuwa mtu mmoja alifanya hivyo. Kati ya 1973 na 1974 Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alipewa na Tshibumba picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia yote ya Zaire, na kwa kila picha alimsikiliza mchoraji akieleza, akanasa maneno yake kwenye utepe. Maelezo hayo ni ya Kiswahili cha Shaba. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1996, na maandishi ya Kiswahili yakatolewa baadaye. Picha zenyewe zimo katika makumbusho ya Amsterdam. Katika maneno hayo Tshibumba anabisha, anarudi nyuma, anajisahihisha, anatofautisha alilolisikia na alilolifikiria. Hapo picha iliyo bapa hupata kina ambacho rangi haikukusudiwa kukitoa.

Hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya dari, na kuuza kando ya barabara, Morogoro Stores, Dar es Salaam, hadi alipouawa mwaka 1972. Naye alikuwa mchoraji wa mitaani, lakini wateja wake wengi walikuwa wageni tangu siku za kwanza, na wanyama wake hawakumdai mnunuzi maelezo. Tofauti hiyo haimpunguzii sifa. Inaeleza tu kwa nini picha yake huingia katika ukumbi wa ng'ambo bila kupungukiwa sana, na ya Tshibumba hupungukiwa.

Mji huo huo wa Dar es Salaam una Mtaa wa Lumumba, na watu huutaja kila siku wakitafuta nguo na vipuri. Iwapo siku moja makumbusho yetu yataazima picha za Shaba, tunashauri zisitundikwe zote. Zitosheke tatu au nne, mbele yake viwekwe viti, na sauti ya mchoraji isikike kwa Kiswahili chake kama kilivyo, bila kukisanifisha. Mtazamaji wetu ataikosa baadhi ya misamiati, na bila shaka atamgeukia wa kando yake kumwuliza.